Jibu la Kitabuni na Ukweli wa Mezani

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huingia katika maabara ya chuo chetu vijana wapya waliochaguliwa kusomea stashahada ya uhandisi. Wengi wao wamefaulu vizuri Fizikia na Hisabati katika kidato cha nne. Kanuni wanazijua, huzitaja bila kusita, na wakipewa hesabu ya karatasini huimaliza kabla mwalimu hajafuta ubao. Lakini wakisimamishwa mbele ya meza yenye uzi, jiwe, rula na saa, swali lao la kwanza huwa lile lile mwaka hata mwaka: "Mwalimu, jibu linatakiwa liwe ngapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza hana budi kuanza maabara kwa jaribio ambalo jibu lake halijui, na kwamba sisi wakufunzi yatupasa tuache kabisa kumpa alama kwa sababu tu namba yake inafanana na ya kitabuni. Tumpe alama kwa alichokiona, kwa namna alivyokipima, na kwa jinsi anavyokieleza. Nawaandikia wakufunzi wenzangu wa vyuo vya ufundi, lakini hata zaidi nawaandikia walimu walio mafunzoni. Desturi ninayoilalamikia haizaliwi chuoni. Huletwa chuoni ikiwa imekwisha komaa.

Kisa cha rula

Si haki kuwalaumu wengine kabla sijasimulia kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza jaribio la pendulamu, yaani jiwe dogo linaloning'inizwa kwa uzi na kuachwa libembee. Ni jaribio la kale na la gharama ndogo. Ukijua urefu wa uzi na muda wa mbembeo mmoja, waweza kukokotoa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ambao vitabu vyetu huutaja kuwa 9.8 kwa vipimo vya mita na sekunde. Kila mwanafunzi alitakiwa apime kwa urefu wa sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, akokotoe jibu kwa kila urefu, kisha atafute wastani.

Taarifa zilipokusanywa nilizisahihisha kwa haraka, kama tufanyavyo wengi wetu tukiwa na daftari nyingi. Nilitazama mstari wa mwisho. Aliyeandika 9.8 nilimpa alama tisa, aliyeandika 9.7 au 9.9 nilimpa nane. Nikafika kwenye daftari la mwanafunzi mmoja wa kike. Majibu yake yalianzia 10.9 kwa uzi wa sentimita 20, yakashuka hadi 10.3, kisha 10.1, yakaishia 10.0 kwa uzi wa mita moja. Wastani wake ulikuwa 10.3. Nilimpa alama nne, nikaandika kwa wino mwekundu: "Rudia kwa makini."

Siku ya pili alinifuata ofisini. Alinisalimu kwa adabu, akafungua daftari lake, akasema, "Mwalimu, nimerudia mara tatu, namba hazibadiliki. Ila naona kadiri uzi unavyokuwa mrefu ndivyo jibu linavyokaribia la kitabuni. Mbona inakuwa hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia bila shaka alikosea kuhesabu mibembeo. Hakunibishia, bali alibaki amesimama na daftari lake mkononi, nami nikaona haya kumfukuza. Tulikwenda pamoja maabarani. Fundi wa maabara akaleta rula nyingine ya mita, tukailaza sambamba na ile aliyoitumia. Hapo ndipo tulipoona kwamba rula yake ilikuwa imekatwa mwanzoni. Sentimita mbili za kwanza hazikuwapo. Yawezekana ncha yake ilipasuka, na mtu mwenye nia njema akaisawazisha kwa msumeno. Ncha ilikuwa imechakaa vizuri hata ikaonekana kama ya asili.

Baada ya hapo kila kitu kilieleweka. Alipodhani uzi una sentimita 20, kwa kweli ulikuwa na 18. Alipodhani una 100, ulikuwa na 98. Sentimita mbili ni sehemu kubwa ya uzi mfupi, na ni sehemu ndogo ya uzi mrefu. Kwa hiyo kosa lilikuwa kubwa mwanzoni na likapungua mwishoni. Tulichora grafu, muda wa mbembeo uliojizidisha wenyewe ukiwa upande mmoja na urefu wa uzi upande mwingine. Vitone vyake vilikaa kwenye mstari mnyoofu, ila mstari huo haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa urefu penye sentimita mbili kamili. Tena mwinamo wa mstari ule ulitoa 9.8 bila taabu. Hivyo daftari nililolipa alama nne lilikuwa limebeba mambo mawili kwa pamoja: thamani sahihi ya mchapuko, na ugonjwa wa rula pamoja na kipimo chake.

Jambo la kutisha lilikuja baadaye, niliporudi ofisini na kuzitazama upya daftari za wengine. Wanafunzi saba wengine walikuwa wameitumia rula ile ile katika zamu za siku ile. Wote saba waliandika 9.8. Rula iliyokatwa sentimita mbili haiwezi kutoa wastani wa 9.8 kwa njia waliyoelekezwa. Ni dhahiri kwamba walianza na jibu, wakarudi nyuma kwa hesabu, wakatunga muda wa mibembeo unaolingana nalo. Vijana wenyewe huita jambo hili kupika matokeo. Nami mpishi mkuu nilikuwa mimi, kwa kuwa niliutuza uongo kwa alama tisa na ukweli kwa alama nne.

Tabia hii inatoka wapi?

Vijana hawa si waongo kwa maumbile. Kila mwaka huwauliza walifanyaje majaribio sekondari, na masimulizi yao hufanana. Wengi waliingia maabara mara chache tu hadi miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa vitendo. Walipoingia, walizunguka meza moja wakimtazama mwalimu akifanya. Kisha walipewa ubaoni namba za "kutegemea", wakazinakili. Sitaki kuwalaumu walimu hao, maana nawajua wanavyofundisha darasa lenye wanafunzi wengi kwa vifaa vya kuhesabika. Lakini mafunzo aliyoyapata mtoto pale ni kwamba jaribio ni sherehe ya kulithibitisha jibu lililokwisha julikana, na kwamba anayepata namba nyingine ameharibu sherehe.

Nasi vyuoni hukazia pale pale. Tazama karatasi zetu za maelekezo. Mara nyingi huanza kwa maneno "Lengo: kuthibitisha kwamba..." Kisha hufuata hatua kumi na mbili, jedwali lililokwisha chorwa, na nafasi ya kuandika jibu. Mwanafunzi hana cha kuamua. Hachagui apime nini, apime mara ngapi, wala aanzie wapi. Neno "kuthibitisha" lenyewe limekwisha funga mlango. Laiti tungeandika "kuchunguza", tungekuwa tumefanya nusu ya mageuzi ninayoyaomba.

Haya si mapya katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, aliweka akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu yetu yapasa kuyajenga kwa kila kijana. Wengi wetu tulilikumbuka andiko lile kwa sababu ya mashamba na mabanda ya kuku ya shule. Akili ya kudadisi haikupata banda lake. Maabara ndiyo ingekuwa mahali pake.

Wawili waliopata "jibu baya"

Wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba namba za vitabuni zilishuka kutoka mbinguni. Kwa hiyo siku hizi huwasimulia visa viwili kabla hawajagusa kifaa chochote.

Cha kwanza ni cha Jean Richer, mnajimu wa Kifaransa. Mwaka 1672 alitumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, mji wa Amerika ya Kusini ulio karibu na ikweta. Alichukua saa ya pendulamu iliyokuwa ikienda sawasawa Paris. Kule Cayenne saa ile ilichelewa zaidi ya dakika mbili kila siku. Ili pendulamu ipige sekunde barabara, ilimbidi aifupishe kwa karibu milimita tatu. Angekuwa mwanafunzi wetu angeambiwa arudie kwa makini. Kwa bahati njema alirudia kweli, tena kwa miezi mingi, na kila mara aliandika alichokiona. Newton alikitumia kipimo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuonyesha kwamba dunia si duara kamili, bali imevimba kwenye ikweta, na kwamba mvutano wake hapo ni hafifu kidogo. Ndiyo sababu mchapuko huo ni karibu 9.81 katika jiji la London, lakini ni karibu 9.78 Dar es Salaam. Kwa uzi na saa ya mkononi si rahisi kuiona tofauti hiyo, lakini ipo. Kijana wa Tanzania anayezilazimisha namba zake zifike 9.81 anapima mvutano wa London.

Kisa cha pili ni cha nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, na siku moja, kwa kuwahi nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa yakiwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kuwahutubia, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alirudi na habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza kweli, lakini akaongeza kwamba wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi.

Naomba msomaji atulie kidogo katika maneno hayo ya fundi. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuona, na bado alidhani wajibu wake ni kurudia mpaka meza ikubaliane na kitabu. Ndiye sisi sote. Mpemba na Osborne walichapisha habari yao mwaka 1969, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu lini jambo lile hutokea na kwa nini. Sidai kwamba Mpemba alimaliza mjadala. Nadai kwamba aliuanzisha kwa sababu hakukubali kufuta alichokiona.

Madhara yake nje ya chuo

Huenda mtu akasema kwamba uongo wa pendulamu haumdhuru mtu. Nami nilidhani hivyo hadi nilipotembelewa na kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni fundi sanifu wa ujenzi. Tulikaa chini ya mwembe tukazungumza habari za kazi. Alinieleza kuhusu michemraba ya zege. Kama wajuavyo wenzangu wa ujenzi, zege likimwagwa, sampuli yake huwekwa katika viunzi vya milimita 150 kila upande, hulowekwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine, baadhi baada ya siku 7 na baadhi baada ya siku 28, ili ijulikane kama zege lile litabeba mzigo uliokusudiwa. Katika kazi moja mashine iliharibika, na siku ya 28 ikapita. Mkubwa wake alitaka jedwali lijazwe. Kijana alichukua matokeo ya siku 7, akayapandisha kwa kiasi ambacho vitabu husema zege huongezeka nguvu, akazitofautisha namba kidogo ili zisifanane mno, akatia sahihi.

Nilimkaripia. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, bila kejeli yoyote, "Lakini mwalimu, si ndivyo tulivyokuwa tukifanya maabara?"

Sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo katika kazi yangu. Jengo lile, namshukuru Mungu, limesimama. Lakini nchi yetu haijasahau Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoanguka na kuua watu 36. Sisemi kwamba maafa yale yalitokana na namba za kupikwa; sababu za ajali huchunguzwa na wenye mamlaka hayo. Nasema tu kwamba mhandisi ndiye mtu ambaye wengine hulala usingizi kwa kuziamini namba zake. Akiwa amezoea tangu mwaka wa kwanza kwamba namba ni kitu cha kupendeza mkubwa, tumemtuma nyumbani kwa watu akiwa hatari. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee.

Mapendekezo: majuma matatu ya mwanzo

Baada ya kisa cha rula nilibadili majuma matatu ya kwanza ya maabara. Nayaeleza hapa ili mwenzangu ayajaribu, ayarekebishe, au ayakatae baada ya kuyajaribu.

Juma la kwanza hakuna kanuni yoyote. Kila mwanafunzi hupewa uzi na jiwe vya urefu mmoja, na huambiwa apime muda wa mbembeo mmoja tu, mara kumi. Simu zao za mkononi zina saa ya kutosha kwa kazi hiyo. Namba zote huandikwa ubaoni. Darasa hushangaa kuona kwamba hakuna wawili waliolingana kabisa, na kwamba hata mtu mmoja hajilingani mwenyewe. Kisha huwauliza: nani ana jibu sahihi? Hubishana sana. Polepole huja wenyewe kwenye wazo la wastani, na la kiasi ambacho kipimo chaweza kupotoka. Hatimaye mmoja hupendekeza wapime mibembeo ishirini kwa pamoja, wagawanye. Kidole cha mtu huchelewa kwa sehemu mbili hivi za kumi za sekunde. Katika mbembeo mmoja wa sekunde mbili hilo ni kosa la asilimia 10, lakini katika mibembeo ishirini ya sekunde arobaini ni nusu ya asilimia moja. Njia hiyo wakiivumbua wenyewe hawaisahau.

Juma la pili ni la kubashiri. Rula ya mita hubanwa kwenye ukingo wa meza, sentimita 20 zikitokeza nje, na kimfuko cha mchanga huning'inizwa kwenye ncha. Wanapima ncha imeshuka kiasi gani. Kabla ya kutokeza sentimita 40, kila mmoja huandika kwa wino ubashiri wake. Karibu darasa zima huandika kwamba itashuka mara mbili. Wachache huandika mara nne. Kisha wanapima, na rula iliyoshuka milimita 3 inashuka karibu milimita 24, yaani mara nane. Kelele za mshangao husikika hadi ofisini. Hapo ndipo huwaambia kwamba mjengo wa boriti inayotokeza ukutani, kama kibaraza cha ghorofani, hufuata sheria hiyo hiyo: mzigo wa nchani ukiwa ule ule na urefu ukizidishwa mara mbili, kupinda huzidi mara nane. Kijana aliyeandika "mara mbili" kwa wino wake mwenyewe hataidharau sheria hiyo maisha yake yote.

Juma la tatu ni la vifaa vibovu. Ile rula iliyokatwa sasa ni mali ya thamani katika maabara yetu. Nimeiongezea wenzake: mizani isiyoanzia sifuri, saa inayochelewa, kamba inayorefuka ikivutwa. Nawatangazia mapema kwamba baadhi ya vifaa vya siku hiyo vina hitilafu, maana sikusudii kumtega mtu. Kazi yao ni kufanya jaribio, kuigundua hitilafu kutokana na matokeo, na kukadiria ukubwa wake. Anayesema "rula yangu ina upungufu wa sentimita mbili, na huu ndio ushahidi" amekuwa mhandisi siku hiyo.

Kuhusu daftari, masharti yangu ni machache. Waandike kwa wino. Kifutio hakiruhusiwi. Namba inayodhaniwa kuwa na kosa ikatwe kwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka, na sababu iandikwe kando. Namba ya kifaa iandikwe pia, ili kikishukiwa kiweze kutafutwa. Alama kumi nazigawa hivi: tatu kwa kumbukumbu kamili za vipimo, tatu kwa kurudia, kupanga jedwali na kuchora grafu, tatu kwa kueleza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na moja kwa unadhifu. Kukaribia jibu la kitabuni hakuna alama hata moja.

Hoja za wanaopinga

Wenzangu wamenipinga kwa hoja ambazo si haki kuzipuuza.

Husemwa kwanza kwamba muhtasari ni mrefu na muda ni mfupi. Ni kweli. Mimi nimepunguza idadi ya majaribio katika muhula wa kwanza. Naona ni afadhali matano yaliyofanywa kweli kuliko manane yaliyonakiliwa.

Husemwa pia kwamba wanafunzi ni wengi na vifaa ni haba. Hoja hii naona inaniunga mkono. Uzi, jiwe, mchanga na rula hupatikana kila mahali, na wanafunzi wanne wanne wanaweza kuzunguka kila meza. Mashine za bei kubwa ndizo zinazowalazimisha themanini wasimame wakimtazama mmoja.

Wengine huhofia usalama. Hapa nakubaliana nao bila sharti. Penye umeme wa nguvu, mashine zinazozunguka, mitungi ya gesi au kemikali kali, mwanafunzi afuate maelekezo neno kwa neno, wala asiachwe akosee ili ajifunze. Uhuru ninaouomba ni wa meza ya uzi na jiwe.

Siku hizi kuna hoja nyingine, kwamba majaribio yafanywe kwenye kompyuta, ambako kila chuo chaweza kuwa na maabara isiyo na gharama. Programu hizo zinasaidia, nami huzitumia kurudia somo. Lakini pendulamu ya kwenye kompyuta haina rula iliyokatwa. Hutoa jibu la kitabuni kila mara kwa kuwa jibu hilo ndilo lililotumika kuiunda. Mwanafunzi aliyeanza nayo atazidi kuamini kwamba dunia ikipingana na kitabu, dunia ndiyo iliyokosea.

Liko na suala la lugha. Maelekezo yetu yameandikwa kwa Kiingereza, na taarifa hudaiwa kwa Kiingereza. Nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi aliyeona jambo geni hukaa kimya kwa kukosa maneno ya kulisema, kisha huandika sentensi aliyoikariri kitabuni, ambayo husema jambo jingine kabisa. Kwa hiyo nimeruhusu mabishano ya mezani yafanyike kwa Kiswahili, na maelezo ya awali katika daftari yaandikwe kwa Kiswahili pia akitaka. Taarifa ya mwisho huiandika kwa Kiingereza kama taratibu zinavyodai. Yule binti wa rula hangeweza kuniuliza swali lake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili aliliuliza kwa sentensi mbili, tena likaeleweka kuliko maelezo yangu.

Hitimisho

Kwa walimu mlio mafunzoni, ambao kesho mtakabidhiwa funguo za maabara za sekondari, ombi langu ni dogo. Msisubiri kuletewa vifaa vyote. Siku ya kwanza mtundikieni mtoto jiwe kwenye uzi, mwambieni apime, na akiwauliza jibu linatakiwa liwe ngapi, mwambieni kwamba ninyi mnalingoja kwake. Akileta namba ngeni, msikimbilie wino mwekundu. Nendeni naye mezani kwanza.

Kwa wakufunzi wenzangu nasema kwamba tukitaka wahandisi wakweli, hatuna budi kwanza kuufanya ukweli usiwagharimu alama. Mimi nililirudia daftari lile, nikaifuta nne yangu kwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka, nikaandika kumi kando yake, pamoja na sababu.